Kabla ya Kampuni, Bahari

Ukikaa Msasani, kuanzia Namanga hadi Mikoroshini, na ukataja mbele za watu kwamba unataka kumpeleka mkeo au mumeo baharini kwa mara ya kwanza, utajibiwa kabla hujamaliza kusema. Azam, basi. Mwingine atadakia kwamba siku hizi ni Zan Fast Ferries, na hapo ubishi utawaka: boti ya nani mpya, ya nani inawahi kufika, viti vya nani ni laini, nani anakarimu zaidi kule VIP. Mwenye uwezo atapandisha dau: achana na boti za saa mbili, mpeleke Durban akapande meli ya MSC, alale baharini siku nne. Na karibu wote watamalizia kwa ushauri uleule: usimwambie, mfanyie sapraizi.

Ushauri huu naupinga kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake. Si kwamba kampuni hizo ni mbaya. Ninachopinga ni imani iliyotuganda kwamba kumpandisha mtu chombo kwa mara ya kwanza ni suala la kuchagua jina na daraja la tiketi. Jina la kampuni ni la mwisho kuulizwa. Kuna bahari kwanza, kuna saa, kuna kiti, na kabla ya vyote kuna huyo mtu mwenyewe, ambaye katika mabishano yetu yote hakuna anayemtaja.

Nianze na bahari, maana ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Kutoka bandarini Dar es Salaam, pale Sokoine Drive mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, hadi Malindi Unguja ni kama kilomita 70. Boti za kasi huzimaliza kwa saa mbili au pungufu kidogo. Watu wakisikia saa mbili hudhani ni safari moja ileile mwaka mzima. Sivyo hata kidogo. Kisiwa cha Unguja ni kirefu, na kinaukinga mkondo ulio kati yake na bara dhidi ya bahari kuu ya mashariki, lakini kinga hiyo haishuki hadi huku kwetu. Ukishatoka mlango wa bandari na kuviacha visiwa vya karibu, unaingia kipande ambacho mkono wako wa kulia hakuna ardhi, ni Bahari ya Hindi yote imefunguka. Hapo ndipo boti inapoanza kucheza, na hapo ndipo wahudumu wanapoanza kupita na mifuko.

Sasa kiwekee upepo kipande hicho. Kusi huanza kuvuma Aprili au Mei na kupamba moto Juni, Julai na Agosti, likitokea kusini-mashariki. Boti inayokwenda Unguja inaelekea kaskazini, kwa hiyo mawimbi ya kusi huijia kwa nyuma na ubavuni, yanaisukuma na kuiyumbisha. Inayorudi Dar es Salaam huyapokea usoni, moja baada ya jingine. Ndiyo maana wapo wanaokwenda Unguja mwezi wa saba wakicheka, wakasema kumbe bahari si kitu, kisha siku ya kurudi wakashushwa ngazi wameshikwa mikono. Ukija kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mambo hugeuka: wimbi la usoni ni la kwenda. Katikati ya misimu hiyo kuna tanga mbili, pepo zinapopokezana zamu, na kuna demani, kusi linapoishiwa nguvu na maji yakatulia. Nenda ufukweni Msasani, pale wavuvi wanapoegesha mashua, uulize wiki gani ni nzuri ya kuvuka na mgeni wa bahari. Utajibiwa bila kupekua kitabu. Watakuambia pia jambo ambalo tangazo la boti halitakuambia, kwamba asubuhi maji huwa mapole kuliko alasiri, upepo wa bahari ukishaamka.

Kwa hiyo mtu anayetumia wiki nzima kulinganisha kampuni mbili zinazopita mkondo mmoja, kwa boti zinazofanana umbo, halafu akakata tiketi ya alasiri ya katikati ya Julai, amechambua dogo na kuliacha kubwa. Boti ya saa moja asubuhi, mwishoni mwa demani, ya kampuni yoyote kati ya hizo, itamfaa mkewe kuliko boti nzuri kuliko zote ndani ya kusi.

Nije kwenye VIP, ambako ndiko fedha zetu zinakopotelea. Hapa Dar es Salaam tumejifundisha kwamba mapenzi hupimwa kwa daraja la tiketi. Anayempenda mwenzake hampeleki kule kwenye viti vya watu wote na ndoo za samaki; anampeleka juu, kwenye zulia, kiyoyozi na kioo kipana. Lakini bahari haisomi tiketi. Katika chombo chochote, mwendo wa kupanda na kushuka ni mkubwa zaidi omo, na kuyumba kwa ubavu huzidi kadiri unavyopanda juu. Pahali patulivu ni chini, katikati, ukisogea kidogo kuelekea tezi. Mabaharia wa majahazi walilijua hili karne nyingi kabla ya boti za alumini. Basi kabla hujalipa nyongeza uliza sebule hiyo ya heshima iko wapi. Ikiwa ni ghorofa ya juu na mbele, umelipa zaidi ili mwenzako arushwe zaidi.

Kichefuchefu cha bahari si woga, wala si ushamba. Sikio la ndani linaupa ubongo habari kwamba mwili unapanda na kushuka, na macho yaliyofungiwa chumbani yanasema kiti kimetulia. Ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Dawa yake ya kwanza ni kuyapa macho ukweli: upeo wa bahari, mahali ambapo maji na mbingu hukutana. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida karibu na nyuma, anapigwa na hewa na anauona upeo, ana hali nzuri kuliko aliyezama kwenye kochi la VIP akiangalia simu. Dawa za duka, kama sinarizini au promethazini, hufanya kazi zikimezwa kabla ya kuondoka, si baada ya mambo kuharibika, na huleta usingizi; mfamasia aulizwe kwanza, hasa kama kuna mimba. Wanawake kwa wastani huathirika zaidi kuliko wanaume, na mjamzito zaidi. Wanaume wengi wanaopanga safari hizi hawayajui haya, ndiyo maana mke akitapika wanaona aibu badala ya kumshika.

Hapa najua nitakatishwa. Nitaambiwa: ndugu, wewe unazungumzia matapishi, sisi tunazungumzia uhai, na uhai uko kwenye kampuni. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na haistahili kupitwa juujuu. Nchi hii imezika watu wengi mno kwa sababu ya vyombo vya majini. MV Bukoba, 21 Mei 1996, Ziwa Victoria. MV Spice Islander, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, karibu na Nungwi. MV Skagit, 18 Julai 2012, ikitoka hapa Dar es Salaam kwenda Unguja, karibu na kisiwa cha Chumbe. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, mbele ya macho ya watu wa Ukara waliokuwa wakiingoja. Mtu aliyekulia nchi hii ana haki ya kuuliza anampandisha mkewe chombo cha nani.

Lakini tazama vyombo hivyo vilizamaje. Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikabeba abiria kwenye maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Kule ilikuwa boti ya kawaida inayowapeleka watu kazini. Ikaletwa huku, ikapewa mkondo wetu, mwezi wa saba, kusi likiwa limesimama, na abiria kuzidi uwezo wake. Kwa Spice Islander na Nyerere hadithi ni ya idadi ya watu. Katika ajali zote hizo jambo lililoua halikuwa jina lililoandikwa ubavuni. Ni uamuzi wa siku ile: kupakia watu wangapi, kuondoka au kubaki.

Na jina zuri halizuii wimbi. Tarehe 5 Januari 2014, Kilimanjaro II, boti ya kampuni hiyohiyo ambayo kila mtu Msasani huitaja kwanza, ilipigwa na mawimbi ikitoka Pemba, karibu na Nungwi. Baadhi ya abiria walisombwa na maji na wengine wakapoteza maisha. Boti yenyewe haikuzama, ilifika. Silitaji hilo ili kuichafua kampuni. Boti zake zimevusha watu kwa miaka mingi, na wengi wetu tumezipanda. Nalitaja kwa sababu anayeamini kwamba amekwishamlinda mwenzake kwa kutaja jina tu, amelala.

Kama lazima kampuni ipimwe, na mwishowe itapimwa, ipimwe kwa kipimo kimoja kinachonihusu mimi abiria: je, huwa inakubali kubaki bandarini? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na zinasikika redioni kabla hujatoka nyumbani. Bara kuna TASAC, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, na kazi yao ni kusimamia haya. Lakini mimi na wewe tuliojipanga foleni tuna nguvu kuliko tunavyokiri. Safari ikiahirishwa, tunawatukana wakata tiketi. Tunapiga meza, tunataja harusi tunayoiwahi, tunataja biashara zetu. Kila tukipiga meza hiyo tunamsukuma nahodha aondoke. Kampuni inayokukasirisha kwa kuahirisha safari siku ya upepo ndiyo ya kumkabidhi mkeo. Mwenye boti anayekuambia hakuna neno, twende tu, hafai, hata akikupa juisi ya bure.

Mengine unaweza kuyaona kwa macho yako. Jina lako limeandikwa na kuhesabiwa? Kuna watu wamekaa kwenye vijia kwa kukosa viti? Wahudumu walionyesha mahali majaketi ya kujiokolea yalipo, na namna ya kuyafunga? Umemwonyesha mwenzako mlango ulio karibu naye? Hayo hayahitaji VIP.

Sasa sapraizi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linavishwa nguo ya upendo. Mume anakata tiketi kimyakimya, anamwambia mkewe avae vizuri wanakwenda mjini, mara wako geti la bandari na simu imeelekezwa usoni mwa mke ili irekodi furaha. Na wake pia hufanya hivyo siku hizi: binti wa Tanga au Unguja aliyelelewa na maji ya chumvi, ameolewa na kijana wa Dodoma au Iringa ambaye hajawahi kuyaingia maji yaliyompita magoti, anataka kumfurahisha kwa kumshtukiza. Mtu aliyeshtukizwa hana nafasi ya kukataa. Wakwe wameshaambiwa, fedha imeshalipwa, kamera inawaka. Atatabasamu na kupanda.

Huenda hajui kuogelea na anaona haya kusema. Huenda ana mimba ya wiki chache ambayo bado hajaitangaza. Na katika nchi hii kuna jambo zito kuliko hayo: nenda Mwanza, nenda Bukoba, nenda Pemba, uone ni nyumba ngapi zina mtu ambaye maji hayakumrudisha. Wengi waliotoka nyumba hizo wameolewa na kuoa huku Dar es Salaam, na hawazungumzii hayo mezani. Usimfanyie sapraizi ya bahari mtu ambaye hujawahi kumuuliza bahari ilimchukulia nani.

Kuuliza hakuharibu utamu wowote. Mtu aliyepewa habari mwezi mmoja kabla ana muda wa kusubiri kwa hamu, wa kununua kofia, wa kuwauliza mashoga zake, wa kukuambia usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa kwamba anaogopa. Hayo ni sehemu ya safari, tena pengine ndiyo iliyo bora.

Wanaoshauri Durban nao wana hoja zao, na sitawanyima haki. Tangu meli kubwa za kitalii kama Norwegian Dawn zianze kutia nanga kwenye bandari zetu, picha zake zimeingia kila simu, na mtu wa Masaki au Msasani aliyejaliwa huona kwamba huko ndiko kumpeleka mwenza. Ni kweli kwamba meli ya ukubwa ule, yenye mapezi ya kutuliza mwendo chini yake, huyumba kwa upole kuliko boti yoyote ya Unguja. Ni kweli pia kwamba Durban ni chaguo la busara kuliko Dubai au Barcelona, kwa sababu Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na Msumbiji, ambako meli hizo hupeleka watu hadi Pomene, hatuhitaji viza pia. Anayekimbilia meli za Mediterania atatumia muda mrefu kwenye foleni za ubalozi kabla hajaliona wimbi.

Lakini wanaotuuzia Durban hawasemi yote. Msimu wa meli pale ni kati ya Novemba na Aprili, na miezi hiyohiyo ndiyo ya vimbunga kwenye Mlango wa Msumbiji. Idai iliipiga Beira Machi 2019. Meli ikikwepa kimbunga haitafika ulikolipia, na mkataba unairuhusu. Bei uliyoionyeshwa ni ya mtu mmoja mkilala wawili chumbani, na juu yake huja vinywaji, intaneti na bakshishi inayokatwa kwa kila siku. Mjamzito aliyefika wiki ya 24 hapokelewi, na huyo ni mtu wa kumwambia mapema, si pale kaunta na mizigo mkononi. Ukubwa nao si kinga ya kila kitu: Costa Concordia ilikuwa kubwa, mpya na ya kampuni yenye jina Ulaya nzima, na watu 32 walikufa pale Giglio, 13 Januari 2012, kwa sababu nahodha alisogea mno kwenye miamba.

Juu ya yote hayo liko jambo ambalo meli kubwa haiwezi kulitatua. Mgeni wa bahari anayeumwa kwenye boti ya Unguja anajua baada ya saa mbili atakanyaga nchi kavu. Aliyeumwa usiku wa kwanza wa safari ya siku nne, hana pa kushuka. Kumpeleka huko mtu ambaye hujui mwili wake unaichukuliaje bahari ni kumfunga ndani ya bahati nasibu yako, kwa fedha nyingi. Kama mnataka kujua mtalalaje juu ya maji, kuna New Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorudishwa kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, inayovuka usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba ikiwa na vyumba vya kulala. Usiku mmoja, kwa shilingi. Nashangaa ni wangapi hapa wanaijua Durban na hawajawahi kuwaza Mwanza.

Na kwa sisi wa Msasani kuna jambo la karibu zaidi, tunalolipita kila siku tukienda kununua mkate. Boti za Bongoyo huondoka Slipway, na ni mwendo wa kama nusu saa. Mpeleke mwenza wako huko asubuhi moja yenye maji matulivu. Mwambie tangu jana yake. Akae katikati, si omo ambako wote hugombania kupiga picha. Ile nusu saa itakuambia mambo ambayo hakuna kampuni inayoweza kukuambia: anashika nini boti ikiinama, anaangalia wapi, anazungumza au ananyamaza. Akifika na rangi yake, akala samaki, akauliza Unguja ni umbali gani, basi umepata jibu. Akisema hapana, ni hapana. Ndege ya Unguja huruka dakika kama 20 tu, na hakuna aliyepungukiwa ndoa kwa kupanda ndege.

Akikubali, kata tiketi ya boti ya asubuhi, ya kwenda tu. Chagueni demani au tanga mbili, mle kitu kidogo saa moja kabla, msiende na tumbo tupu wala la pilau. Laleni Unguja angalau siku mbili, ili safari isiwe ya kuvuka na kuvuka tena mwili haujapoa. Tiketi ya kurudi usiikate Dar es Salaam. Mkishashuka Malindi, na amekwisha kujua mwenyewe mkondo ulivyo na mwili wake ulivyojibu, muulize mnarudi kwa usafiri gani. Akisema ndege, nendeni uwanjani. Akisema boti, mwache yeye ndiye achague kampuni.